Mwanao anaenda chuo? Mwambie kuhusu masaa 72

Mama zangu, tunaendelea. Vyuo vinafungua, na najua huko nyumbani sasa hivi ni ndoo, godoro, pasi na mashuka. Sawa. Ila kuna kitu wengi hamkipaki, na mimi nataka kitangulie kabla ya hiyo ndoo.

Mwambie mwanao, wa kike na wa kiume, kuhusu masaa 72. Ikitokea kondomu imepasuka, au hawakutumia, au amelazimishwa, asikae hosteli anauliza wenzake chumbani. Aende hospitali au kituo cha afya siku hiyohiyo aulizie PEP. Ni dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Zinaanzwa ndani ya masaa 72, mapema ndiyo bora, na anameza siku 28 bila kuruka. Akija siku ya tano, hizo hatupewi ruhusa kumuanzishia.

Wasichana wengi wanakimbilia P2 duka la dawa, wakimeza wanaona yameisha. Jamani, P2 ni ya mimba tu! Haizuii VVU, haizuii kisonono.

Najua mtasema, "Nesi, si ndiyo unamruhusu hivyo?" Hapana. Boom likishaingia na funguo ya chumba anayo, ruhusa yako haombi tena. Ukimweleza leo kwa utulivu, siku likimkuta atakupigia wewe. Ukimtisha, atanyamaza mpaka muda upite.

Na kadi ya bima aende nayo, isibaki kabatini kwako.