Koti la Zimamoto Lisiwe Mtego

Majuzi askari wa zimamoto walialikwa katika shule moja hapa Mumbuni wawafunze wanafunzi namna ya kujiokoa na moto. Mafunzo hayo sisi watu wa Machakos tunayathamini mno, kwani hatujausahau mkasa wa Kyanguli wa Machi 2001, ulioangamiza zaidi ya wanafunzi 60 bwenini. Lakini nilipowaona vijana wakigombania kulivaa koti zito la askari, niliingiwa na wasiwasi.

Koti hilo kwa kawaida lina tabaka tatu. Tabaka la nje hutiwa kemikali za jamii ya PFAS ili lisinywe maji wala mafuta, na utando wa katikati mara nyingi hutengenezwa kwa kemikali za jamii iyo hiyo. La ndani huzuia joto. Katika kemikali hizi kaboni na florini zimeshikana kwa nguvu kiasi kwamba jua, maji na udongo haviziozeshi kwa urahisi. (Mwalimu wa kemia hapo ana somo zima.) Mwaka 2022 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliitangaza kazi ya uzimamoto kuwa chanzo cha saratani, na mwaka 2023 wakasema vivyo hivyo kuhusu PFOA, mojawapo ya kemikali za jamii hiyo. Sisemi kwamba koti ndilo linaloua. Moshi una lawama yake, tena kubwa.

Huko Marekani, wazimamoto wenyewe na jamaa zao walidai sheria wakaipata. Mwaka 2024 jimbo la Massachusetts lilipiga marufuku uuzaji wa mavazi ya zimamoto yaliyotiwa PFAS kwa makusudi, kuanzia Januari 2027. Connecticut nayo ikaweka mwaka 2028.

Je, sisi? Kenya iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, na PFOA iliingizwa katika orodha ya mkataba huo mwaka 2019. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mavazi ya kujikinga yanayofaa. Neno hilo "yanayofaa" ndilo linalohitaji kufafanuliwa, na kwa kuwa Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto, mabunge ya kaunti hayana kisingizio.

Hofu yangu ni kwamba kinachokatazwa kwa tajiri hutafutiwa mpokeaji kwa maskini. Magari na mavazi ya zimamoto yaliyokwisha tumika ng'ambo yamekuwa yakiletwa nchini kama msaada, nasi hupokea kwa vigelegele. Nitaulizwa: basi askari aingie motoni na shati? La hasha! Moto huua leo, saratani huchukua miaka. Tuyapokee makoti tukiwa hatuna mengine, lakini aletaye aeleze yametengenezwa lini na kwa nini. Kanuni za Marekani zenyewe hutaka koti liondolewe kazini likifikisha miaka 10. Yanayonunuliwa kwa fedha za umma yasiwe na PFAS pale ambapo mbadala unapatikana. Nayo yafuliwe kituoni, yasipelekwe nyumbani kwa mke na watoto.

Kwa walimu nina ombi dogo: askari wakija, waonyeshe koti bila kuwavika wanafunzi, na aliyeligusa anawe mikono kabla ya chakula.