Ngiri imepasuliwa, mbona bado inauma?



Barua ya wiki hii imetoka kwa mama mmoja wa kikundi cha Goma. Mume wake ni msukuma chukudu. Alipasuliwa ngiri ya kinena, ile ambayo wengi wetu tunaita erni, na sasa wiki tatu zimepita. Kidonda kimefunga vizuri. Lakini baba analalamika kidogo kidogo: chini ya kovu kuna kitu kigumu, juu ya paja ngozi imekufa ganzi, na mara kwa mara anasikia kama amechomwa na moto. Mama mkwe anasema waganga wameharibu kazi. Jirani anasema wamesahau kitu ndani. Baba mwenyewe anataka kurudia chukudu Jumatatu, kwa sababu nyumba haina kitu. Mama anauliza amsikilize nani.

Tuanze na jirani, kwa sababu hajakosa kabisa.

Tumbo lina ukuta wa nyama unaoshikilia matumbo. Pale ukuta umelegea, kipande cha utumbo au mafuta ya ndani kinasukuma na kutokeza. Ndiyo ule uvimbe unaoonekana mtu akisimama au akikohoa, na ambao unarudi ndani akilala. Mganga akipasua, anarudisha kilichotoka, kisha anaziba tundu. Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kuvuta nyama za upande huu na za upande ule na kuzishona pamoja, kama unavyoshona kikwembe kilichopasuka. Ya pili ni kuweka wavu mdogo juu ya pale palipolegea, na nyama inaota kupitia matundu yake. Wavu huo unabaki ndani maisha yote, umeachwa kwa makusudi. Kwa hiyo kama baba amewekewa wavu, kweli kuna kitu ndani, lakini hakuna aliyekisahau.

Wavu wa viwandani ni wa bei kali, ndiyo maana hospitali nyingi za kwetu bado zinashona nyama kwa nyama. Majirani zetu wa Uganda walishiriki katika utafiti uliotangazwa mwaka 2016: wanaume 302 wa mashariki ya nchi hiyo walipasuliwa, wengine wakawekewa wavu wa viwandani, wengine wavu uliokatwa katika kitambaa cha chandarua na kusafishwa kwa mashine za hospitali. Baada ya mwaka mmoja hali zao zilikuwa karibu sawa. (Msicheke, na msikate chandarua cha mtoto.) Ninalotaka ni mama amuulize mganga: mume wangu aliwekewa wavu au alishonwa tu? Na jibu liandikwe kwenye karatasi ya kutoka hospitali. Siku baba atapata shida mahali pengine, mganga wa huko ataanza na karatasi hiyo.

Sasa maumivu. Mama mkwe anadhani kazi nzuri ni ile isiyouma. Sivyo. Nyama imekatwa, imevutwa, imeshonwa. Siku tatu za kwanza zinauma sana, hasa wakati wa kuamka kitandani, kukohoa na kucheka. Ngozi inaweza kuwa na rangi ya zambarau, na damu ile ya chini ya ngozi inashuka mpaka kwenye mfuko wa korodani, ambao unavimba na kumtisha mwenyewe. Mara nyingi hilo linapungua lenyewe katika wiki moja au mbili. Kitu kigumu chini ya kovu, kama kamba, kwa kawaida ni kovu la ndani linalojijenga, na kinaweza kukaa wiki nyingi kabla ya kulainika. Wengine wanapata maji yaliyokusanyika pale ngiri ilipokuwa, uvimbe wa kuteleza usiouma sana. Mwili unayanyonya taratibu. Asitokee mtu wa kuyatoboa kwa sindano nyumbani, maana hapo ndipo usaha unapoingia.

Ganzi na moto vina sababu nyingine. Pale kwenye kinena mishipa mitatu midogo ya fahamu inapita karibu kabisa na mahali pa kupasua. Inaweza kuvutwa, kubanwa na uzi au kovu, au kukatwa. Ukibanwa mshipa wa fahamu, unasikia moto, sindano, au kama umeguswa na umeme, na maumivu yanaweza kushuka mpaka kwenye paja au korodani. Ganzi peke yake mara nyingi haisumbui maisha, na inaweza kupungua kwa miezi. Moto ukiwa unazidi kupoa wiki kwa wiki, tuvumilie. Lakini wapo watu ambao maumivu yao hayaishi. Kati ya watu 10 waliopasuliwa ngiri ya kinena, karibu 1 anabaki na maumivu ya kueleweka baada ya miezi mitatu, na wachache kati ya hao wanashindwa hata kazi. Vijana, wanawake, na wale waliokuwa na maumivu makali kabla ya kupasuliwa wako katika hatari zaidi. Watu hao si wavivu wala hawajarogwa. Kuna dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu, kuna sindano ya kutia ganzi mahali penyewe, na mara chache wanapasuliwa tena ili mshipa uachiliwe. Ila mganga hawezi kutibu asichoambiwa.

Na hapa niseme jambo ambalo wamama wananinong'oneza baada ya mkutano, si mbele ya watu. Baba ametoka hospitali, miezi imepita, na usiku anageukia ukutani. Mama anaanza kuhesabu: kuna mwingine. Huenda yupo, sijui nyumba yako. Lakini mjue kwamba baadhi ya wanaume waliopasuliwa kinena wanaumia wakati wa tendo la ndoa, na mwanaume wa kwetu atakubali ugomvi wa mwaka mzima kabla ya kutamka neno hilo. Muulize taratibu, mkiwa wawili, bila kulaumu: hapo panauma? Akisema ndiyo, neno hilo lifike kwa mganga. Mkitaka kujua lini inaruhusiwa kurudiana, wengi wanaweza baada ya wiki mbili hivi, pasipouma. Hakuna siku iliyoandikwa.

Kwa mama wa Goma, nakupa kipimo kimoja cha leo. Baba asimame, akohoe. Kile kigumu kikitokeza zaidi akikohoa, kisha kikipotea akilala, inawezekana ngiri imerudi, na inabidi aonwe wiki hii. Kisipobadilika, labda ni kovu. Hata hivyo mganga akiguse siku ya kurudi hospitali. Siku hiyo familia nyingi zinairuka kwa sababu ya pesa ya pikipiki na ya kumwona mganga, na mimi nasema ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kuokoa pesa.

Kuna mambo mengine yasiyongoja siku ya kurudi. Maumivu yaliyokuwa yanashuka halafu yanapanda tena. Homa. Kidonda chekundu, cha moto, kinachotoa usaha au harufu. Mfuko wa korodani unaozidi kuvimba kila siku, au korodani inayouma kwa ghafula. Kushindwa kukojoa, jambo linalotokea hasa kwa wazee saa za kwanza baada ya kupasuliwa. Mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma ya goti au chini yake, au pumzi kukatika. Na kubwa kuliko yote: uvimbe mgumu unaouma, usiorudi ndani, pamoja na kutapika, tumbo kujaa, na kukosa choo na hata hewa. Huyo utumbo wake umenaswa. Apelekwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Asipewe chakula wala kinywaji njiani, na msijaribu kuusukuma uvimbe kwa nguvu.

Aliyechomwa sindano ya mgongo anaweza kuumwa kichwa vibaya akiketi, kikapungua akilala. Hilo nalo lisemwe kwa mganga.

Dawa. Kwa mtu mzima mwenye ini zima, vidonge 2 vya parasetamo vya miligramu 500, mara tatu kwa siku, kwa saa zilizopangwa, vinasaidia kuliko kungoja mpaka mtu alie. Visipite 8 kwa siku na usiku wake. Mganga akiongeza ibuprofeni au diklofenaki, iliwe baada ya chakula, na zisichanganywe hizo mbili. Mwenye vidonda vya tumbo au shida ya figo aseme kabla. Mbaya ni vile vifuko vya vidonge vya rangi vinavyouzwa sokoni bila jina: mtu anakunywa dawa ile ile mara tatu akidhani ni dawa tatu.

Kukosa choo ni adui wa kimya. Dawa nyingine za maumivu zinafunga tumbo, mtu anajikaza chooni, nyuzi zinavutwa. Papai, maharagi, lengalenga, sombe na maji ya kutosha, na kutembea kidogo kila siku tangu siku ya kwanza. Bugali peke yake na chai haitoshi. Sambaza kidogo zikipatikana, kidonda kitashukuru. Ile pwari ya kuingiza dawa za majani kwa nyuma tuiache pembeni, na pilipili zake. Hali kadhalika chanjo za wembe juu ya uvimbe, majivu na dawa ya meno juu ya kidonda. Kidonda kinataka kukauka na kuwa safi, basi. Wakati wa kukohoa, ashike pale kwa kiganja au mto. Wakati wa kuamka, ageuke kwanza kwa ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa mikono.

Kuhusu Jumatatu na chukudu. Kutembea, kuketi dukani, kazi nyepesi, mtu anaweza kurudia mapema, mara tu maumivu yanapomruhusu. Kulala wiki nyingi hakusaidii. Lakini kusukuma magunia ya makala kupanda mlima si kazi nyepesi. Waganga wengi wanaomba wiki 4 mpaka 6 kabla ya mzigo mzito, na kwa chukudu ningeshika ile 6. Kwa nyumba ya mama huyu hizo ni wiki tatu zaidi bila pesa ya baba, najua. Amkodishie kijana chukudu na wagawane mapato, au baba akae sokoni na mama.

Nimeandika mengi juu ya baba kwa sababu ngiri ya kinena ni ya wanaume zaidi: inahesabiwa kwamba inawapata wanaume 27 kati ya 100 katika maisha yao, na wanawake 3. Lakini hao watatu ni sisi. Tena kuna ngiri ya juu ya paja, chini kidogo ya kinena, inayowapata wanawake kuliko wanaume, ndogo kama jicho la mbuzi, na hiyo ndiyo inayonasa utumbo kwa urahisi. Kuna ya kitovu baada ya mimba nyingi, na ya kwenye kovu la kujifungua kwa kupasuliwa. Mama anaificha chini ya kikwembe miaka, anabeba mzigo kwa kamba kwenye paji la uso kutoka bandarini Bukavu, na siku amepasuliwa anaulizwa siku ya nne kwa nini maji hayajachotwa.

Bido moja ni kilo 20. Mama aliyepasuliwa ngiri asibebe bido, asitwange sombe kwenye kinu, asimbebe mgongoni mtoto aliyekwisha kutembea, kwa muda ule ule wa wiki 4 mpaka 6. Mwenye kunyonyesha aendelee kunyonyesha, amewekewa mtoto ubavuni, na amwambie mganga kwamba ananyonyesha kabla ya kuandikiwa dawa.

Ombi langu kwa vikundi vya likelemba na vya akiba vyenye mfuko wa mshikamano: pesa ya kupasuliwa mara nyingi tunaichanga, kisha tunamwacha mtu mlangoni mwa hospitali. Tutenge na ya kurudi kuonwa, pikipiki ya kwenda na ya kurudi. Na katika mkutano uleule watajwe kwa majina wanaochota maji kwake Jumatatu mpaka Jumapili, zamu zikipangwa kabla hajalazwa.