Mbona gari haliondoki?

Mwezi huu tumepata barua tatu, na zote zinauliza jambo moja. Mgonjwa amepewa rufaa, gari la wagonjwa liko mlangoni, dereva ameketi na ufunguo mkononi, lakini gari haliondoki. Muuguzi anaingia, anatoka, anatafuta kitu, anarudi tena ndani. Baba mmoja ameandika kwamba alipiga boneti kwa mkono akasema, "Mnangoja afe ndiyo muondoke?" Tunamwelewa. Hata sisi tumewahi kupiga kelele pale pale mlangoni.

Sisi tunaoandika hapa ni wazazi kama ninyi, si madaktari. Kwa hiyo tulikwenda kwa wauguzi wanaosindikiza wagonjwa, tukakaa nao mchana mmoja chini ya mwembe, wakatueleza kazi yao. Tulirudi tumepoa kidogo.

Kumbe gari likishaondoka, mambo mengi hayawezekani tena. Ndani ni pembamba, usiku mwanga ni hafifu, na hakuna mtu mwingine wa kuitwa aje kusaidia. Mtu aliyepoteza damu nyingi mishipa yake inanywea, inakuwa kama uzi. Kuitafuta kwa sindano huku gari linaruka mashimo ni kubahatisha tu. Hata kusikiliza presha ni shida, maana mngurumo wa injini unaingia masikioni pamoja na mapigo ya moyo. Ndiyo sababu mgonjwa anayetoka damu anawekewa dripu mbili, moja kila mkono, na mpira wa mkojo, gari likiwa bado limesimama. Ukiona dakika 15 zinapita hivyo, ujue matibabu yameshaanza.

Halafu kuna hewa ya oksijeni. Hapa walitupigia hesabu ambayo hatukuwahi kuifikiria. Mtungi mdogo wenye lita 340 ukifunguliwa lita 5 kwa dakika unakwisha baada ya dakika 68. Ukifunguliwa lita 10, ni dakika 34 tu. Basi kama mwendo ni wa saa mbili mpaka Kigoma, muuguzi akiondoka na mtungi mmoja uliobaki nusu, mtoto wako atakosa hewa porini, mahali ambapo hakuna nyumba wala taa. Yule dada anayerudi ndani kubadilisha mtungi si mvivu. Anapiga hesabu ya barabara. Kwa wale wanaoendelea mbele mpaka Bugando kule Mwanza, hesabu hiyo ni kubwa zaidi.

Wazo la kumtibu mtu safarini ni la zamani. Mwaka 1792 daktari mmoja wa jeshi la Ufaransa, Dominique Jean Larrey, alibuni magari mepesi ya farasi ya kuwafuata majeruhi vitani, maana kabla ya hapo waliachwa wamelala uwanjani mpaka mapigano yatulie. Sisi tuliokimbia vita tunajua maana ya kulala hapo ukingoja.

Lakini tuseme ukweli wote. Kuna kusubiri kwingine ambako si matibabu. Gari kukosa mafuta, au karatasi kungoja sahihi ya mtu aliyekwenda kula, huko si kumtuliza mgonjwa. Mara moja tuliona mgonjwa akipelekwa na dereva peke yake, nyuma hakuna muuguzi, na ndugu yake ndiye aliyeshika chupa ya dripu njia nzima. Hilo halikutupendeza na hatutalitetea. Mnayo haki ya kuuliza kwa heshima: "Dada, tunangoja nini?" na "Nani anapanda naye?" Maswali hayo mawili yanasaidia kuliko kupiga boneti.

Sasa turudi kwetu nyumbani, maana huko ndiko dakika nyingi zinapotelea. Mwaka 1994 watafiti wawili waliandika kwamba akina mama wajawazito wanapotezwa na kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Tukisoma hayo tunaona haya, kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa wetu kabisa.

Ilikuwa masika, miaka kadhaa imepita. Wifi yetu alijifungulia nyumbani usiku. Mtoto akalia vizuri, kondo likatoka, tukapiga vigelegele. Damu haikukoma. Tukasema ni uchafu unatoka, utaisha. Kitenge cha kwanza kikaloa, cha pili kikaloa. Mtu akasema tumngoje baba mtoto, alikuwa amekwenda kulala kwa rafiki yake zoni nyingine baada ya mgao. Alipopatikana, saa moja na zaidi ilikuwa imepita. Tulimbeba kwa machela ya miti mpaka zahanati.

Pale mkunga akauliza, "Amezaa saa ngapi?" Tukajibu, "Sasa hivi tu." Tuliogopa kugombezwa kwa kuzalia nyumbani. Uongo huo mdogo tumekuja kuelewa uzito wake baadaye. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika kwa akina mama zaidi ya 20,000 katika nchi 21, kuhusu dawa inayoitwa asidi ya traneksamiki, ile inayosaidia damu kuganda. Ikitolewa gramu 1 kwenye mshipa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, vifo vya kutokwa damu vinapungua karibu theluthi moja. Saa 3 zikipita, faida haionekani tena. Kwa hiyo unapodanganya saa, unamnyang'anya muuguzi kipimo chake. Sema saa ya kweli, hata kama utagombezwa. Sema pia dawa za miti shamba alizokunywa, na vitenge vingapi vimeloa. Vilete vitenge vyenyewe, msione aibu.

Wifi alichomwa oksitosini, akasuguliwa tumbo ili mfuko wa uzazi ukaze, dripu zikawekwa. Halafu akavalishwa vazi zito la mpira laini, lenye mikanda ya kunata, linalobana kuanzia vifundo vya miguu mpaka tumboni. Vazi hilo linaisukuma damu irudi juu kwenye moyo na ubongo, mgonjwa aweze kustahimili safari. Haliponyi. Linamnunulia muda tu.

Basi njiani wifi akaanza kulalamika: "Nabanwa, naona moto, nifungulieni." Muuguzi alikuwa amegeuka anabadilisha chupa. Shangazi yetu, kwa huruma yake, akafungua mkanda wa tumboni. Krrr! Hatukujua hata tumefanya nini. Baada ya dakika chache wifi akanyamaza, midomo ikawa myeupe, jasho la baridi. Muuguzi akageuka, akaona, akapiga kelele ambayo hatujaisahau. Akaufunga ule mkanda kwa nguvu zake zote, akamwambia dereva asimame kidogo apime presha. Ilikuwa haisikiki. Akafungua dripu zote mbili ziende mbio, akasugua tumbo tena kwa ngumi, huku sisi tunamwita Mungu kwa lugha zote tunazozijua. Presha ikarudi taratibu.

Kule hospitali walilivua kwa zamu, baada ya damu kukoma kabisa. Walianza na vifundo vya miguu, wakasubiri kama robo saa, wakapima presha, ndipo wakaenda kipande cha juu yake. Kumbe sisi tulianza na tumbo, tena katikati ya njia.

Wauguzi walituomba tuwaambie na mambo mengine ya ndani ya gari. Mama mwenye mimba kubwa alale kwa ubavu wa kushoto, maana akilala chali mimba inaukandamiza mshipa mkubwa wa damu. Anayepata degedege la mimba alazwe ubavu vilevile, na msimtie kijiko mdomoni; kinavunja meno na hakizuii kitu. Kichanga kisifungwe peke yake kwenye blanketi, kikae kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kitenge juu. Hata baba anaweza, kifua chake kina joto lilelile. Na uji, jamani, tuuache. Huruma yetu ni kumlisha mgonjwa, lakini anayekwenda kupasuliwa akiwa na tumbo lililojaa anaweza kutapika usingizini na chakula kikaingia mapafuni. Uliza muuguzi kwanza, hata kwa maji.

Jambo moja zaidi, kwa sababu limetokea kwetu zaidi ya mara moja. Mtoto wa chini ya miaka 6 mwenye malaria kali, asiyeweza kunywa dawa, anawekewa artesuneti kwa njia ya haja kubwa kabla ya safari. Inafanya kazi haraka. Mama anamwona mtoto amefumbua macho, amelia, anasema, "Si amepona, tushuke turudi." Hajapona. Dawa ile ni ya kumfikisha tu, bado anahitaji sindano na vidonge vyote kule anakopelekwa. Msishuke.

Kuhusu nani apande: mtu mmoja. Kila anayejibana ndani anamnyima muuguzi nafasi ya kupiga goti. Garde-malade, kama tulivyozoea kusema kwetu Uvira, awe yule aliyeona ugonjwa ulivyoanza, anayeweza kutoa damu ikihitajika, na anayeweza kujieleza mbele ya daktari. Mara nyingi tunampeleka mkubwa wa ukoo kwa heshima yake, naye hajui hata mgonjwa alianza kuumwa siku gani. Jina lake liandikwe sawasawa kwenye kibali cha kutoka kambini. Achukue kadi ya kliniki, sahani, kikombe, sabuni na vitenge viwili vikavu. Mkiuweka mfuko huo tayari mwezi wa 8 wa mimba, hakuna atakayekimbia kutafuta sahani usiku wa manane.

Mtoto wa usiku ule sasa yuko shule ya msingi, na mama yake anauza nyanya sokoni. Shangazi bado anabisha kwamba lile vazi lilikuwa linabana mno.