Mbegu kumi hazitoshi kuhukumu mfuko

Kila mwaka wakati mvua inakaribia, ugomvi ule ule unarudiaka katika koperative. Mbegu ya mahindi imefika Kilwa kwa lori kupitia Kasenga, kamati imeigawanya. Mama mmoja anaotesha mbegu 10 ndani ya kitambaa chenye maji, zinaota 7. Jirani yake anachukua 10 za mfuko ule ule, zinaota zote. Kesho yake wanasema kamati imekula franga za watu.

Pengine hakuna aliyeiba. Tuseme mbegu ni nzuri kabisa, katika 100 zinaota 90. Wanachama 40 wakipima 10-10, hesabu inaonyesha kwamba karibu 14 wataona zote zimeota, 15 wataona 9, wanane wataona 8, na watatu hivi wataona 7 ao chini. Mbegu ni moja, bahati tu imewagawanya. Na wale watatu ndio wanasemaka kwa nguvu ku mkutano.

Hesabu hiyo inaitwa mgawanyo wa binomia. Jacob Bernoulli wa Uswisi aliieleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1713. Lakini haifai kila fasi. Inafaa kama idadi imewekwa mbele ya kuanza (10 ni 10, si kuendelea kuongeza mpaka tupate jibu tunalotaka). Kama jibu ni mbili tu, imeota ao haikuota. Kama kila mbegu iko na nafasi sawa. Na kama mbegu moja haivute ingine.

Masharti mawili ya mwisho ndiyo yanatudanganyaka. Mfuko ulioloweshwa na maji ya ziwa ndani ya mashua, mbegu za chini zimeoza, za juu ziko nzima. Ukichota juu tu, umepima juu tu. Tena kama muuzaji amechanganya mbegu ya mwaka jana na ya mwaka huu, nafasi haiko sawa. Na ukifunga mbegu zote katika kitambaa kimoja, ukungu wa moja unaambukiza jirani zake.

Angalia pia kiwavi jeshi katika shamba. Watu wanahesabu mimea 20 ya mstari mmoja, 10 imeliwa, wanasema nusu ya shamba imekwisha. Hapana. Kipepeo wake anatagaka mayai mengi kwa fungu moja, mara nyingi 100 mpaka 200, na watoto wanapanda mmea wa karibu. Mmea ulioliwa unakuambia jirani yake naye yuko hatarini. Hapo binomia haifai. Tembea shamba lote kwa kukatakata, simama fasi tano, ndipo uhesabu.

Turudi ku mbegu, maana franga ziko pale. Mimi sikubaliane na desturi ya kupima 10. Haionei kamati peke yake, inamsaidia pia muuzaji mbaya: mbegu inayoota 70 tu katika 100, ukiipima 10-10 mara 100, karibu mara 15 itaonyesha 9 ao 10. Utalipa, utalima, na shamba litabaki na mashimo wakati mvua haikungojee.

Pima 100. Haizidi ngumi moja. Chota juu, katikati na chini ya kila mfuko, changanya, gawanya katika vitambaa vinne vya 25. Mbegu ya 90 itakupa kati ya 84 na 96 karibu kila mara. Chini ya 80 ni ajabu, rudisha mfuko. Kama kitambaa kimoja kinatoa 24 na kingine 14, usijumlishe: fungua mifuko, tafuta ule ulioloa. Maabara za mbegu wao wanapimaka 400, katika mafungu manne ya 100.

Mahindi yanahitaji siku 7 kutoa jibu. Basi mtunza sanduku asilipe mbele ya siku ya 7, hata kama dereva wa lori anapiga honi ku mlango.