Chipu ya 741 si mbovu, tunaibebesha mzigo wa wawili

Leo naweka programu kando niongee juu ya umeme. Wale wa tarakilishi pekee msikimbie, hesabu yake ni ya kugawanya tu.

Mpelekee fundi kikuza sauti cha maikrofoni kinachotoa sauti nzito, iliyofifia, kama ya mtu anayeongea chini ya blanketi. Akifungua na kukuta opampu ya 741 ndani, mara nyingi jibu ni moja: hiyo ni ya kizamani, tupa, nunua mashine mpya. Mimi napinga. Chipu hiyo ilitolewa na Fairchild mwaka 1968, ndiyo, ni nyanya yetu. Lakini kosa mara nyingi ni la aliyeichorea saketi.

Opampu ina viingilio viwili na tokeo moja. Hupima tofauti ya volti kati ya viingilio hivyo na kuikuza mara nyingi ajabu; 741 hufika kama mara 200,000. Hakuna anayeitumia hivyo moja kwa moja. Tunachukua kipande cha tokeo na kukirudisha kwenye kiingilio hasi, basi chipu inalinganisha kilichotoka na kilichotakiwa, kisha inajirekebisha yenyewe. Huo ndio mrejesho hasi.

Wazo lilitoka kwa Harold Black, mhandisi wa Bell Labs kule Marekani. Shida yake ilikuwa laini za simu za mbali: sauti ilipita vikuzaji vingi mfululizo na kila kimoja kiliongeza uchafu wake. Tarehe 2 Agosti 1927, akivuka mto Hudson kwa feri kwenda kazini, alichora jibu juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times. Jenga kikuzaji chenye nguvu kupita unavyohitaji, kisha itoe ile ziada sadaka upate usafi. Hataza yake ilitoka Desemba 1937, miaka kumi baadaye! Nguvu ya kukuza ilikuwa ghali enzi hizo, na huyu anataka kuitupa.

Kwa hivyo ziada ndiyo sabuni. Na swali la kumuuliza kila mchoraji wa saketi ni hili: umebakiza sabuni kiasi gani?

Ndani ya 741 kuna kapasita ndogo ya pikofaradi 30. Iliwekwa makusudi ili chipu isianze kupiga mluzi wenyewe. Bei yake ni kwamba kuanzia Hz 5 hivi nguvu inaanza kushuka: masafa yakiongezeka mara 10, nguvu inapungua mara 10. Kwenye kHz 1 imebaki mara 1,000. Kwenye kHz 10, mara 100. Kwenye MHz 1 imebaki 1, yaani haikuzi kitu.

Sasa maikrofoni ya kawaida huhitaji kukuzwa kama mara 1,000. Ukiidai 741 moja zote hizo, kwenye kHz 1 sabuni imekwisha. Juu ya hapo sauti inafifia, herufi kama "s" na "f" zinapotea, na kile kinachopita hakina wa kukisafisha. Blanketi ndilo hilo.

Gawanya kazi. Weka mbili mfululizo, kila moja ikuze mara 32 hivi. Kila hatua inafika karibu kHz 31, na zikiunganishwa unapata karibu kHz 20, upana wote ambao sikio la binadamu linasikia. Kutoka kHz 1 hadi 20 kwa kuongeza chipu moja! Na pale kwenye kHz 1, kila hatua imebakiza ziada ya mara 31 hivi ya kufutia upotokaji wake. Ukipanga tatu za mara 10 unafika kama kHz 51, ila kwa hotuba hiyo ni anasa.

Mwaka jana kikundi cha vijana mtaani kwetu walikuwa karibu kuchangishana pesa za mashine mpya kwa sababu hiyo hiyo. Tuliongeza chipu moja, rezista chache, na kapasita kati ya hatua mbili ili kosa dogo la volti la hatua ya kwanza lisikuzwe na ya pili. Pesa zao zikabaki mfukoni. Ndiyo maana nakasirika chuo kikifundisha fomula ya rezista mbili na kuishia hapo.

Kuna kitu mrejesho hauponyi: kasi. Tokeo la 741 hupanda nusu volti tu kwa kila sekunde ndogo, ile ya milioni moja. Ukitaka wimbi lenye kilele cha volti 10, juu ya kHz 8 hivi litageuka pembetatu, hata ugawanye namna gani. Kwa kikuza maikrofoni kinachotoa volti 1 haikusumbui.

Kwa kurekodi muziki ningechukua NE5532, ina kelele ndogo na hufika MHz 10. Lakini hata yeye ukimdai mara 1,000 peke yake anaishia kHz 10. Na kila kifurushi chake kina opampu mbili ndani, kwa hivyo huna kisingizio.