Nguzo ya Takwa na Filamu ya Picha 36

Juma hili naomba niwatoe kidogo katika meza yangu na faili zake, niwavushe mpaka kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Shela. Nalikwenda huko mwezi wa Agosti, siku ya mapumziko, nikiwa na kamera yangu ya zamani, ile itumiayo filamu ya picha 36. Vijana wa ofisini hunicheka kwa ajili yake, maana simu zao hupiga picha elfu bila gharama. Nawaacha wacheke.

Kabla sijapanda mashua, mzee mwenye nyumba ninayokaa aliniita barazani. Miguu yake imekwisha nguvu. Akasema, "Mwanangu, usinipigie bahari, bahari naisikia usiku kucha. Nipigie nguzo ya Takwa." Zamani hakukosa kwenda huko pamoja na watu wa Shela katika ziara yao ya kuomba mvua, na sasa miaka mitatu imempita. Nikamwahidi.

Takwa ni mji uliohamwa. Watu walikaa humo tangu karibu mwaka 1500 hata karibu 1700, kisha wakauacha, na wengi wao husemwa kuwa walivuka wakakaa Shela. Wengine husema visima viliingia chumvi. Wengine husema ni vita na majirani. Mwaka 1951 Bwana James Kirkman alichimba huko, na Msikiti wa Ijumaa ukajulikana tena, nao una nguzo iliyoinuka juu ya ukuta wa kibla. Lakini nguzo aliyoitaka mzee si hiyo. Yake ni ile ya kaburini, nje ya ukuta wa mji, yenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijra, yaani 1683.

Mashua huingia kwa kufuata hori jembamba katikati ya mikoko, nayo hupita wakati maji yamejaa tu. Nahodha alipotia nanga aliniambia, "Bwana Karani, tuna saa mbili, zisizidi."

Ingalinipasa kwenda kaburini kwanza. Walakini nalisikia ngurumo ya mawimbi nyuma ya mibuyu, nikafuata njia ndogo itokayo magofuni mpaka upande wa bahari kuu, na huko akili zikaniruka. Kusi ilikuwa ikivuma kwa nguvu zake zote. Majani ya vilimani yalilala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, mchanga ulitambaa chini kama moshi, na povu la mawimbi liliruka likapeperushwa hata nchi kavu. Mpiga picha gani angaliweza kuondoka?

Miguu mitatu ya kamera ilitetemeka, nikajaza mfuko wangu mchanga nikauning'iniza chini yake, ikatulia. (Atakayekwenda huko na asipanguse jicho la kamera kwa leso; chembe moja ya mchanga hukwaruza kioo. Apulize kwanza.) Jua lilikuwa likishuka, na kila mkunjo wa mchanga ulipata kivuli chake, jambo usiloliona saa sita mchana, wakati pwani yote huwa nyeupe tupu. Nikapiga, nikasogea, nikapiga tena. Nilipotazama hesabu ya kamera, nikaona 35.

Nikakimbia. Nahodha alikuwa akiita tangu zamani, kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Kaburini sikupata nafasi ya kusimamisha miguu mitatu. Nikaishika kamera mkononi, upepo ukinisukuma mgongoni, nikapiga ile moja iliyobaki. Tuliposhuka horini, mashua ilikuwa imekwisha kukaa matopeni. Tuliisukuma, matope magotini, kamera kichwani kwangu kama mtungi, na giza lilikuwa limeingia tulipoiona mikoko ya mwisho. Nahodha hakusema nami neno mpaka Shela. Nauli nalimlipa mara mbili, naye hakukataa.

Filamu naliipeleka Mombasa kusafishwa. Iliporudi, nalitambua kuwa mchanga ulikuwa umeingia ndani ya kamera, ukachora mstari juu ya bahari yangu yote, picha baada ya picha. Ile ya mwisho nayo ina mstari, lakini umepita angani, na nguzo imetoka nzima. Ila imeinama.

Nalimpelekea mzee kwa haya. Akaishika karibu na macho kwa muda mrefu, midomo ikimcheza, nami nikanyamaza, maana nalijua anasoma dua. Kisha akasema, "Nguzo haikuinama hivi. Ni wewe uliyeinama."

"Ni kweli, mzee. Upepo ulinizidi."

"Upepo, au bahari?"

Sikujibu. Akaiweka picha kidakani, juu ya kitanda chake, akaingiza kijiti chini ya pembe moja, akakisogeza kidogo kidogo mpaka nguzo ikasimama wima.