Jeki Haikuundwa Kulinda Kifua Chako

Imani hii utaikuta Ilala ya Dar es Salaam, utaikuta Grogan ya Nairobi, utaikuta katika kila ua ambako kijana amejinunulia gari la mbio na anataka kulihudumia mwenyewe: kwamba gari dogo la chini halihitaji makuu. Piga jeki, jipenyeze, fungua nati, mwaga oili, toka. Ukiuliza stendi za jeki ziko wapi, unajibiwa kwa upole kabisa, "Kaka, ni dakika tano tu, na gari lenyewe jepesi." Nasema imani hiyo ni ya uongo, na wanaoieneza, wakiwamo mafundi tunaowaheshimu, wanacheza na roho za watu.

Tuanze na huo wepesi. Subaru Impreza ya turbo ina uzito wa takriban kilo 1,400, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele, kwenye injini, palepale unapolala ukibadilisha oili. Hata Mazda MX-5 ya kwanza, gari linalosifiwa kila mahali kwa wepesi, linakaribia tani moja. Robo tu ya tani hiyo inatosha. Aliyebanwa kifua si lazima avunjike mfupa ndipo afe. Mbavu zikishindwa kupanuka hewa haiingii, na asiye na hewa hawezi kupiga kelele. Waliomo ndani ya nyumba hawasikii kitu.

Halafu huo uchini wenyewe, ambao watu wameugeuza kuwa kinga: "Hata likianguka, halianguki mbali." Hapa ndipo imani inapopotoka kabisa. Kinachoamua si umbali ambao gari limeanguka, ni nafasi inayobaki chini yake likishatua. Pikapu ya shamba ikitua na tairi zake zote, chini yake hubaki uwazi unaopita sentimita 20. Impreza iliyokatwa springi hubakiza 10 au 12. Kifua cha mtu mzima aliyelala chali kina unene wa sentimita 20 na zaidi. Chukua rula ujipime. Lile gari tunaloliona dogo likiwa kando ya lori ndilo lisiloacha mahali pa mtu kupona.

Sasa jeki. Jeki ya mafuta huliinua gari kwa oili kidogo iliyobanwa nyuma ya pistoni, ikizuiwa na sili ya mpira na vali ndogo. Sili huchakaa. Vali ikiingiwa na punje ya mchanga haifungi sawasawa, na gari huanza kushuka, ama polepole ama kwa mkupuo. Jeki ya mkasi inayokuja na gari ni skrubu moja juu ya kitako chembamba. Imetengenezwa kwa ajili ya kubadilisha tairi huku mtu yuko nje. Watengenezaji wenyewe wanaandika hivyo kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi kwenye kibandiko cha jeki: usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinua. Kushikilia ni kazi ya chombo kingine, na chombo hicho ni stendi.

Wala si tofali. Tofali la saruji hubeba vizuri ukutani kwa sababu uzito umesambaa juu yake lote. Likitegwa chini ya ukingo wa bodi, uzito wote unakaa kwenye mstari mmoja mwembamba. Nimeliona likipasuka. Ufa ulishuka ubavuni, na kabla aliyeuona hajamaliza kunyoosha kidole, tofali lilikuwa vipande viwili na vumbi, na gari limekaa juu ya ngoma ya breki. Kwa bahati hapakuwa na mtu chini. Mbao ngumu iliyolazwa kwa upana, ikizidiwa, hulia na kubonyea kwanza, ukapata nafasi ya kutoka. Tofali halitoi onyo.

Watetezi wa jeki watasema wameitumia miaka na miaka na haijawahi kuwaangusha. Nawaamini. Jeki nzima, ikiachwa itulie, hushika. Lakini nani ametulia chini ya gari? Kazi yenyewe ya kubadilisha oili ni kulitikisa. Nati ya kumwagia imekazwa na fundi wa mwisho kwa nguvu zake zote. Umelala chali, kiwiko kimekunjwa kwa kuwa hapana nafasi ya kukinyoosha, spana imeshika, unavuta, haikubali. Unakanyaga tairi kwa mguu, unavuta tena. Nguvu yote hiyo inaingia kwenye bodi kwa ubavu, upande ambao jeki haina msimamo. Nati inaachia ghafla, gari linayumba, na wewe uso wako uko chini ya sampu, bakuli la oili.

Hapo wengi wanategemea handibreki. Katika magari mengi handibreki hushika tairi za nyuma. Ukiinua nyuma ili umwage oili ya difu, umezining'iniza hewani zile tairi mbili pekee zilizokuwa zimelizuia gari, na za mbele ziko huru kubingirika. Gia ya P nayo inaaminiwa kupita kiasi. Inafunga shafti ndani ya gia boksi. Tairi zenyewe haizifungi. Gari linaloendeshwa na tairi mbili, lenye difu ya kawaida, ukiliinua tairi moja kati ya hizo mbili, difu inairuhusu iliyo hewani izunguke huku na iliyo chini izunguke kule. Gari linaondoka na mkono wa gia uko kwenye P. Mafundi wengi wanajua difu inavyofanya kazi barabarani, lakini sijui kwa nini hawaikumbuki gari likiwa juu ya jeki. Tairi zinazobaki chini lazima zitiwe kabari mbele na nyuma, kila mara, hata sakafu iwe tambarare namna gani.

Mwenye gari la chini atanijibu kwamba tatizo lake ni jingine: jeki haiingii. Ni kweli. Bampa inakaribia kugusa lami, na mahali pa kupigia jeki mbele pako ndani kabisa, kwenye chuma cha kukingama kinachobeba injini. Watu wakishindwa kupafikia wanabahatisha: wanapiga jeki kwenye sampu, ambayo mara nyingi ni bati jembamba litakalobonyea, au kwenye sakafu ya bodi, ambayo itajikunja. Dawa ni mbao. Si ya inchi mbili kwa sita, kwa maana ni nyembamba kuliko tairi. Tafuta ya mbili kwa kumi, kata vipande viwili virefu vya kutosha, chonga ncha moja kwa mteremko, kisha vipandishie tairi za mbele taratibu. Sentimita 5 hizo za mbao zinatosha kuingiza jeki fupi ya magurudumu. Tia kabari tairi za nyuma. Inua katikati, weka stendi mahali kitabu cha gari kinapoelekeza, pande zote mbili, halafu shusha jeki mpaka stendi zibebe uzito. Ukiwa bado nje, sukuma gari kwa bega, kwa nguvu zilezile utakazotumia kwenye nati. Likicheza, anza upya.

Kama uani kwako ni mchanga, kama ilivyo nyua nyingi za Pwani, miguu ya stendi itazama upande mmoja. Iweke juu ya bamba la chuma au ubao mpana mgumu. Lami iliyopigwa na jua la saa nane nayo hulainika, usiiamini.

Oili ya gia boksi ina shari yake. Gari lazima likae sawa mbele na nyuma, la sivyo kipimo kitakudanganya, kwa hiyo unahitaji stendi nne. Na fungua nati ya kujazia kabla hujagusa ya kumwagia. Ukishamwaga na ya juu ikagoma, gari limekufa uani kwako.

Nimeambiwa pia kwamba stendi nazo huvunjika. Huvunjika. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani iliwaita wateja warudishe stendi zake za Pittsburgh, za tani 3 na tani 6, kwa sababu meno yanayoshika nguzo yangeweza kuachia gari likisogea. Baadaye mwaka huohuo baadhi ya zile zilizotolewa badala yake nazo ziliitwa, kwa kasoro ya kuchomelea. Wanaolitumia tukio hilo kutetea jeki tupu wamelisoma kinyume. Linatufundisha kuongeza kinga ya pili: kagua meno ya stendi, acha jeki imegusa bodi kidogo, na kama umevua tairi, isukumie chini ya ubavu wa gari. Stendi ikiachia, gari litaangukia tairi na rimu yake kabla halijakufikia.

Hoja ya bei siipokei. Kijana aliyenunua seti ya rimu na kulipia kukatwa springi hawezi kuniambia jozi mbili za stendi zimemshinda. Na wenye maduka ya vipuri wangefanya jambo la maana wakikataa kumpa mteja jeki bila kumuuliza, "Na stendi unazo, bosi?"

Kama huna, usiingie chini leo. Peleka gari kwenye gereji yenye shimo, au subiri mwisho wa mwezi ununue stendi. Injini itavumilia oili ya zamani kwa siku chache zaidi.